Meli ya Baba Mkwe

Mlingoti wa katikati ulinasa tena shingoni mwa chupa, mara ya nne hiyo, na Kishindo akatoa tusi ambalo mwalimu wa kemia hapaswi kulijua.

"Taratibu, mke wangu," mumewe akasema. Alikuwa kinyozi, na kazi yake pale mezani ilikuwa kushika tochi na kutoa ushauri.

"Taratibu kaipeleke kwenye ndevu za watu. Nipe kibano."

Kishindo si jina alilopewa na wazazi wake. Alibandikwa na mama mkwe, wiki ya kwanza ya ndoa, baada ya kuvunja birika, vikombe viwili na mkono wa mlango wa friji. Shuleni nako maabara ilikuwa inamjua. Mikono yake haikuwa na nia mbaya, ila ilikuwa na haraka zake.

Na sasa mikono hiyo ilikuwa imevunja kitu kisichovunjwa.

Marehemu baba mkwe alikuwa mpishi wa melini. Huko huko safarini akatengeneza meli ndogo ya milingoti mitatu ndani ya tufe la kioo, akaja nayo nyumbani, akaiweka juu ya kabati la sebuleni. Siku anakata roho hakuulizia nyumba wala shamba. Alimwapisha mkewe mbele ya watoto wote: tufe hilo asilitupe, asimpe mtu, na mkono wake usilivunje. Mama mkwe akaapa huku analia. Tangu hapo ni miaka kumi na mmoja, na wageni wakilipita lile tufe wanapunguza sauti.

Kisha mama mkwe akaenda kukaa kwa dada yake wiki tatu. Mlangoni, mkoba begani, aliacha agizo moja tu.

"Kishindo mwanangu, tufe la baba yenu lifutwe vumbi kila siku. Ulifute wewe, si huyu mumeo. Pandia kigoda cha jikoni. Na usilisukume ndani, nataka likae hapo hapo ukingoni lipate mwanga."

Kigoda cha jikoni kilikuwa na miguu mitatu na nusu. Siku ya pili tu, puu!

"Atanirudisha kwetu," Kishindo alisema siku hiyo, amekaa sakafuni katikati ya vipande vya kioo, machozi yanamtiririka. "Atanirudisha na godoro langu kichwani. Na atakuwa na haki. Hata mimi ningejirudisha."

"Mama ana moyo laini," mume akasema, akiangalia dari.

"Mama yupi? Huyu huyu ninayemjua mimi?"

Hapo ndipo alipoiona bawaba. Ilikuwa ya waya mwembamba, chini ya mlingoti uliovunjika, na kila mlingoti ulikuwa na yake. Akaacha kulia. Kumbe mzee hakuijengea meli ndani ya kioo hata siku moja! Aliiundia mezani, akailaza milingoti chali, akaipitisha shingoni imejikunja, kisha akavuta uzi kutoka nje na kila kitu kikasimama. Watu wameduwaa miaka na miaka, kumbe ni ujanja wa mwavuli.

"Hii naiweza," akasema.

"Wewe?"

"Mimi. Funga mlango."

Mbao walizitoa kwenye kasha la matunda. Matanga yalikuwa leso ya kinyozi. Tufe lenyewe lilitoka maabara, chupa ya mviringo, moja ya chache ambazo Kishindo alikuwa hajazifikia. Ubavuni mwa meli ya mzee kulikuwa na jina la kike kwa herufi nyekundu, naye akalinakili kwa brashi ya nywele tatu zilizookotwa kinyozini.

"Nani huyu?" aliuliza.

"Sijui. Baba akiulizwa alikuwa anacheka, na mama anaingia jikoni."

Meli ya kwanza ilikufa mikononi mwake. Ya pili ikafia kwenye gundi. Hii ilikuwa ya tatu, na mama mkwe anarudi kesho. Kishindo akaizungusha kidogo, akashikilia pumzi, ikapita. Akavuta uzi. Milingoti ikainuka yote mitatu, matanga yakakaa sawasawa, na kinyozi akaangua kilio bila aibu yoyote.

"Futa kamasi," Kishindo akamwambia, naye pia analia. "Usije ukanidondoshea kitu humu."

Jumamosi mchana mama mkwe aliingia, akaitikia shikamoo nusu nusu, akaenda moja kwa moja kabatini. Akalishusha tufe. Akaligeuza huku, akaligeuza kule. Kishindo alisoma dua zote anazozijua na nyingine akazitunga palepale. Macho ya mama mkwe yakatua kwenye zile herufi nyekundu, akasonya.

Nimekwisha, Kishindo akawaza. Nimekosea herufi.

"Ulikuwa unalifuta?"

"Kila siku, mama."

"Wewe mwenyewe? Kwa mikono hiyo hiyo?"

"Hii hii, mama."

Mama mkwe akalirudisha tufe kabatini. Akaketi kwenye kochi bila kuvua viatu, akamtazama mkwewe kwa huzuni ya mtu aliyeangushwa na tegemeo lake la mwisho.

"Hata wewe, Kishindo," akasema. "Hata wewe limekushinda."

Akavuta pumzi ndefu.

"Begi langu msilifungue. Jumatatu narudi kwa dada yangu, mwezi mzima safari hii. Na hilo dude ulifute kutwa mara tatu."