Betri ya Shemeji Hizza

"Masaa matano, shemeji! Matano!" alipayuka Hizza, akiipapasa betri ya lori aliyoiunganisha na UPS, kile kisanduku cha kuhifadhi umeme wa kompyuta.

Kidawa akambetulia mdomo. Mume huyu wa dada yake hata kubadilisha balbu anaita jirani, leo fundi! Lakini betri ya zamani haikufika hata dakika kumi, na yeye saa nane ana usaili wa kazi kwenye kompyuta, tena umeme umeshakatika. Akajipaka poda.

Usaili ndiyo kwanza umepamba moto, UPS ikaanza kulia kama inakata roho. Kidawa akaomba dakika moja, akaufuata waya uliotoka kwenye UPS mpaka sebuleni. Basi makubwa! Runinga, feni mbili na spika vimechomekwa humohumo, Hizza na wenzake wamejitandaza wanatazama mpira.

"Inatutosha wote, shemeji. Nimepiga hesabu."

"Kwa kichwa hichohicho?"

Akachomoa kimoja kimoja. Mlio ukatulia.

"Sasa mpira wetu?"

Kidawa alishageuka. Kule chumbani, watu watatu walikuwa bado wanamsubiri kwenye kioo cha kompyuta.

"Mpira ulivyoisha nitasoma gazetini, nikusimulie kesho," akasema, akausukuma mlango kwa kisigino.