Sanda ya Bi Mwatime

Swali la mwisho lilihusu kufa, na Salha, mwanafunzi aliyetumwa na chuo kufanya utafiti wa afya ya akili, alilisoma kwa sauti ya chini.

"Je, wiki hizi mbili umewaza kufa?"

"Kila siku, mwanangu," alijibu Bi Mwatime, akimenya vitunguu.

"Na kuna lolote ulilojiandaa nalo?"

"Kwa nini nisijiandae? Ngoja."

Akaingia ndani. Salha alikwisha kuagizwa: akitokea mtu aliyejiandaa kufa, ampigie daktari msimamizi papo hapo. Akapiga, akaeleza yote.

Bi Mwatime akatoka amekumbatia bafta nyeupe inayonukia udi.

"Sanda yangu hii. Huwa naianika isije ikashika uvundo. Hebu shika huko, nikiikunja peke yangu hainyooki."

Salha akashika pembe mbili, simu ameibana kwa bega. Bibi yake mwenyewe aliweka sanda sandukuni miaka yote, na hakuna aliyemwita mgonjwa. Lakini bibi yake alikuwa na watu wa kukunja naye.

"Yuko salama?" daktari aliuliza. "Au tuje tumchukue?"

Salha akamtazama mama yule usoni. Alikuwa anatabasamu, au pengine jua lilikuwa linamuumiza macho.

"Isiguse chini," alisema Bi Mwatime, na wakaanza kusogeleana, kitambaa kikipungua katikati yao.