Hodi ya Kutoka

Siku hizi hodi hupigwa kutokea ndani, na nyumba ndiyo humruhusu mtu kutoka. Bi Mwanahawa, mjane asiye na mtoto, aligonga mlango wake.

“Hodi!”

“Nje kuna vumbi, bibi. Labda kesho,” nyumba ikamjibu kwa upole, kama jana.

Akarudi kitini, akafungua riwaya aliyoipenda tangu usichana wake, ya mfungwa aliyevunja mlango akatokomea porini. Zamani, akifika hapo, alikuwa akipiga vigelegele peke yake. Safari hii alikunja uso.

“Mtu mzima huyu,” alinung'unika, “anaondoka hata hodi hakupiga!”

“Hana adabu,” nyumba ikaitikia.

Bi Mwanahawa akafurahi kwamba walau yupo wa kuzungumza naye.