Pete Chini ya Kikombe

Safari hii Profesa Pandelis alipobinua kikombe, alianza kucheza peke yake katikati ya maabara, koti jeupe likipepea.

"Evanthia, njoo uone. Pete hiyo!"

Evanthia, mtafiti mwenzake, aliacha kazi yake akaja kuchungulia. Ndani ya kikombe mashapo ya kahawa yalikuwa yameganda, yakachora duara safi. Wakacheka wote wawili mpaka wakashika meza.

Maisha yake yote Pandelis alikuwa akichunguza namna vyakula vizito vinavyotiririka: asali, mtindi, mchuzi wa nyanya. Sosi ikigoma kutoka chupani, viwanda vya Ugiriki nzima vilimpigia simu yeye. Lakini utafiti wa mwezi huu haukuwa na mfadhili. Ulikuwa wa kumshinda Bi Polixeni, shangazi yake Evanthia.

Mji wa Volos ulimjua Bi Polixeni kwa kusoma vikombe. Unakunywa kahawa, unakifunika kikombe juu ya kisahani, mashapo yanachuruzika, kisha yeye anakigeuza na kukwambia yajayo. Nyumbani kwake halikuamuliwa jambo bila kikombe, liwe la kununua friji au la ndoa. Wachumba wawili wa Evanthia walishatolewa mlangoni kwa sababu ya mashapo tu, na mmoja wao alikuwa daktari wa meno.

"Shangazi akiona pete, mambo yamekwisha," Evanthia alimwambia. "Asipoiona, Profesa, tafuta mji wa kuhamia."

Pandelis alijua hatanii. Mwaka mzima alikuwa akienda nyumba ile kila Jumapili na boksi la keki, anakaa, anasifu maua ya barazani, kisha anarudi kwake bila kulitamka neno lililompeleka. Alikuwa amependa mpaka usingizi umemhama, na kukataliwa kulimtisha kuliko kitu chochote.

Jumapili hiyo Evanthia ndiye aliyepika kahawa, ile waliyoisaga wenyewe maabara, na sukari waliyoipima kwenye mizani. Bi Polixeni alikuwa amevaa gauni jipya na kupaka rangi nyekundu mdomoni. Akamtania Profesa kwamba amekonda kwa sababu anavipima vyakula badala ya kuvila. Wakanywa wote watatu, wakafunika vikombe. Pandelis alikizungusha chake kwanza kama alivyojizoeza.

Baada ya kungoja kidogo, Bi Polixeni akachukua kikombe, akakigeuza, akakisogeza dirishani penye mwanga. Alikitazama muda mrefu bila kumwangalia mtu.

"Pete," akasema.

Evanthia akajiuma mdomo asicheke. Pandelis alijizuia asipige makofi. Miaka yote ya asali na mtindi ilikuwa imelipa.

"Mwanamke yumo humu humu ndani," Bi Polixeni akaendelea. "Na yupo mwanamume mwoga, Jumapili zote hizi anakuja kutazama maua. Kikombe kinasema afungue mdomo leo leo, watu wanazeeka."

Pandelis akainuka, nusura aanguke na kiti. Akatoa kisanduku kidogo mfukoni, akampita Evanthia, akapiga magoti mbele ya shangazi.

"Polixeni," akasema, "nimekupenda tangu keki ya kwanza."

"Nimekubali. Haya inuka, kabla kiuno hakijakugomea."

Evanthia alilia na kucheka kwa pamoja, akawabusu wote wawili, kisha akaanza kukusanya vyombo. Kikombe cha Profesa kilikuwa bado kimefunikwa palepale juu ya kisahani chake, hakuna aliyekigusa. Kile alichokuwa amekishika shangazi kilikuwa na rangi nyekundu ya mdomo ukingoni.