Tabu za Mistari Minne

Ezra alikuwa akikata majani ya mgomba ambayo hayakuhitaji kukatwa. Alikata moja, akatega sikio, akakata jingine. Umande ulikuwa umemlowesha mabega. Kutoka pale migombani aliuona mlango wa nyuma wa nyumba yake, kichanja cha kuanikia kakao, na jiwe lililokuwa chini ya kichanja. Tangu alfajiri alikuwa akililinda jiwe hilo.

Alirudi Bujonde siku ya Jumatatu, baada ya wiki tatu za kuuza mchele Karonga. Alimkuta mkewe, Tupokigwe, amelipakata gitaa la besi la kwaya, bila spika, ameinamia karatasi. Gitaa halikumshangaza. Mpiga besi wa bendi ya Godlove, kule Matema, alikuwa amehamia Mbeya, na Godlove alimwahidi Tupokigwe nafasi hiyo iwapo Jumamosi angeziweza nyimbo tatu za roki mbele ya wageni wa hoteli. Tangu utoto Tupokigwe hakuwahi kutaka kitu kama alivyotaka hicho.

Kilichomshangaza Ezra ni karatasi. Ilichorwa mistari minne, na juu ya mistari kulikuwa na namba. Mwanzoni mwa kila mstari palikuwa na herufi: G, D, A, E.

"G ni Godlove," Ezra alisema. "D ni Dickson wa duka la dawa. A simjui. E ni mimi, niko chini kabisa, nimepewa sifuri tupu."

Tupokigwe alicheka mpaka akaliweka gitaa chini. "Baba Nancy! Hizo ni nyuzi. E ndio uzi mnene. Namba ni mahali pa kubana kidole, na sifuri ni kuupiga uzi bila kuubana. Zinaitwa tabu."

"Tabu naiona. Nani kakuandikia?"

Kicheko kilikatika. "Mwalimu."

"Hana jina?"

"Siwezi kumtaja."

"Yukoje, huyo mwalimu asiyetajika?"

"Hata usoni sijawahi kumtazama." Tupokigwe alilichukua tena gitaa. "Nikimsema, ataacha kuandika. Niachie mpaka Jumamosi ipite."

Jumanne asubuhi karatasi nyingine ilikuwa mezani, ina unyevu wa umande na alama ya tope ya lile jiwe la chini ya kichanja. Safari hii pembeni ya namba paliandikwa neno moja kwa herufi kubwa: POLEPOLE. Neno hilo lilimchoma Ezra kuliko namba zote. Alitoka, akaingia, akatoka tena. Akampigia Godlove simu.

"Kaka, mimi hizo tabu sizijui hata kwa dawa," Godlove alisema. "Napiga kwa sikio. Ila huyo mtu ukimpata, mlete na kwangu. Jana mkeo kanionyesha kwamba wimbo wa pili nimeupiga vibaya miaka yote."

Jumatano jioni Ezra alimpelekea baba yake chakula, ng'ambo ya shamba la kakao. Kazi hiyo ilikuwa yake au ya binti yao Nancy. Mke wa mtoto hakanyagi uani kwa mkwewe wala hasemi naye, na mzee Sedekia, pamoja na uzee wake wa kanisa, hakuwa mtu wa kupindisha desturi. Ujanani alifanya kazi mgodini Kitwe, enzi bendi za magitaa zilipovuma huko, lakini habari pekee aliyorudi nayo, ukimsikiliza, ilikuwa ya vumbi.

"Baba, kuna mtu anamwandikia mke wangu karatasi."

Mzee alinawa mikono bila haraka. "Umemwona?"

"Bado."

"Basi hujui. Zinasemaje hizo karatasi?"

"Namba tu. Za huo muziki wao wa roki."

"Kelele za kuvunja vyombo," mzee alisema, akavuta bakuli karibu. "Keti ule. Mwenye njaa hahukumu vizuri."

Ezra alikula, lakini hakushiba.

Na sasa ilikuwa Alhamisi, na mlango wa nyuma ulifunguka. Tupokigwe alitoka na gitaa, amejitanda kanga kichwani. Aliketi kizingitini akakipa kichanja mgongo, akaitandaza karatasi ya jana gotini, akaanza kupiga.

Miguu ya mwanamume ikatokea nyuma ya kichanja. Mkeka wa kakao ulioning'inia kichanjani ulimficha kuanzia magoti kwenda juu. Ezra aliona mabuti ya mvua yenye matope, kama ya kila mwanamume wa Kyela. Buti moja likaanza kugonga ardhi taratibu, likifuata mapigo.

Tupokigwe alikosea. Mtu yule akakohoa mara moja. Tupokigwe akarudia toka mwanzo. Akakosea palepale, kikohozi kikaja palepale. Mara ya tatu alipita salama, na buti likagonga kwa furaha.

Walikuwa wakizungumza, wale wawili, na hakuna aliyefungua mdomo. Ezra mwenyewe, miaka tisa ya ndoa, hakukumbuka mkewe kumsikiliza hivyo.

Mkono ukashuka na karatasi iliyokunjwa, ukalinyanyua jiwe.

Ezra alichomoka migombani, panga mkononi. "Gwe! Simama hapohapo!"

Mabuti yakatulia. Tupokigwe hakugeuka, aliivuta kanga ikamfunika uso wote. Ezra alikizunguka kichanja kwa hatua tatu, akasimama ghafla, na panga likamponyoka likaanguka majanini.

"Shikamoo, baba."

"Mwambie baba yako," Tupokigwe alisema kutoka kizingitini, bado amewapa mgongo, "mstari wa mwisho umenishinda. Nitaurudia kesho."