Kishikio cha Kichwani

Kaka yake marehemu Solvej alikuwa akitupanga kulibeba jeneza kutoka kanisani: ndugu upande wa kichwa, sisi wa kiwanda cha jibini upande wa miguu.

"Dada, wewe wa kazini, pita kule," aliniambia kwa upole.

"Njoo, bibi wee," mwenzetu mmoja alininong'oneza. "Sasa utagombana na nani wakati wa chai?"

Miaka yote mimi na Solvej tuligeuza jibini bega kwa bega, na hakuna aliyejua kwamba nyumbani tulilala kitanda kimoja. Vidole vyangu bado vilikuwa vimechanika kwa maji ya chumvi ya kuoshea jibini, kama vyake.

Nilishika kishikio cha kichwani.

"Hapo hukaa mume au mke, dada," kaka yake aliniambia.

"Najua," nikamjibu, na sikukiachia.