Kiti cha Mbele

Tulikwenda na binti yetu kwa daktari kwa sababu hatukuwa na wa kumwachia. Nilimpa biskuti, nikamwambia atulie, mambo ya wakubwa hayamhusu.

"Umeanguka mara ngapi?" daktari alimuuliza mume wangu.

"Mara moja tu, tena nyumbani. Ni uchovu, daktari. Kuendesha basi la shule si mchezo, watoto wale ni kelele tupu."

"Ulitetemeka?"

"Hata kidogo."

Binti yetu akateleza kutoka mapajani mwangu, akalala chali sakafuni. Mdomo ukaenda upande. Vidole vya mkono wa kulia vikajikunja, kisigino kikaanza kugonga vigae, ko, ko, ko. Makombo ya biskuti yaliyolowa mate yakamtoka pembeni mwa mdomo kama povu.

Nikacheka, mjinga mimi. "Hebu amka huko, unachafua gauni!"

Mume wangu hakucheka. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

Daktari akachuchumaa kando ya mtoto. "Nani anafanya hivyo, mama?"

"Baba."

"Wapi?"

"Kwenye basi. Amesema ni siri yetu."

"Na wewe unafanyaje?"

Mtoto akaketi, akajifuta mdomo kwa kiganja, kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele na kukamata usukani ambao haukuwepo.

"Nashika hivi mpaka aamke," alisema. "Wenzangu kule nyuma hawajui. Wanaimba tu."